Sauti ya Mtani

1

Vaileti aliunusa moshi wa maharage tangu akiwa kwenye miti ya misindano, kabla hajaliona hata paa la nyumba yao. Alikaza mwendo, begi likimgonga mgongoni, akiamini kwamba mama yake hayupo nyumbani, kwani Yusta Mlowe tangu aolewe hakuwahi kuunguza chakula, na kijiji kizima cha Ikingu kilimjua kwa hilo.

Alimkuta jikoni. Amekaa kwenye kigoda, jiko liko karibu na magoti yake, moshi mweusi unatoka chini ya mfuniko na kupanda darini, na yeye anachambua majani ya maboga huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

"Shikamoo mama. Mama, maharage."

"Marahaba mwanangu, umefika?" Uso ulimchanua. "Yapo motoni hayo. Vumilia kidogo, bado kuiva."

Vaileti aliiepua sufuria kwa kipande cha kanga, akaitoa nje. Maharage ya chini yalikuwa yamegeuka mkaa. Aliporudi alimkuta mama yake amesimama, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, amefumba macho, anahema kama aliyepanda mlima na mzigo wa kuni.

Ndipo kidani kilichokuwa shingoni mwake kikalia kengele ndogo, na sauti ikatoka, changamfu, yenye adabu zote. Vaileti aliijua sauti ile kuliko zote duniani, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe.

"Shikamoo mama. Umeamkaje leo?"

"Marahaba mwanangu," Yusta alikijibu kidani, bado amefumba macho, bado ameshika mwimo. "Nimeamka salama. Sijambo kabisa. Wewe je?"

"Mimi pia sijambo, mama. Uwe na siku njema."

Kidani kikanyamaza. Kilikuwa kimeuliza, kikajibiwa, kikaridhika. Vaileti alibaki na kipande cha kanga mkononi, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona aibu iliyomwingia ndani kama ile.

2

Homa ilikuwa imepita miaka kadhaa nyuma. Watu wa Njombe waliiita Mgeni, kwa sababu iliingia bila kupiga hodi, ikalala kwenye kila kitanda siku chache, kisha ikaenda zake. Wengi waliamka, wakafua mashuka, wakarudi shambani. Lakini wengine Mgeni aliwaachia mizigo yake. Mtu alipona homa, ila akisimama moyo unamwenda mbio. Anaanza sentensi, katikati anaisahau. Anaoga, analala kwa uchovu wa kuoga. Chai na mafuta ya taa kwake ni harufu moja, yaani hakuna harufu.

Mizigo hiyo haikuonekana popote. Damu ilipimwa, ikanyamaza. Picha za moyo zilipigwa, zikawa nzuri za kupendeza. Basi Taasisi ya Masalia kule Dodoma ikaamua jambo ambalo lilionekana la busara kweli: kama mwili hausemi, aulizwe mwenye mwili. Kila aliyepona Mgeni akavishwa kidani. Kila asubuhi kidani kingemuuliza hali, kingesikiliza jibu, kingepima na mapigo ya moyo, na baada ya mwaka mtambo mkuu ungejua ni watu wa aina gani hubakiwa na mizigo na ni akina nani huachwa salama. Wenye mizigo wangepewa Kivuli: kazi nyepesi, ujira uleule, bila kuulizwa maswali.

Vaileti, aliyekuwa mfanyakazi wa Taasisi, alipewa kazi ya kukitafutia kidani sauti. Ni yeye aliyesimama kwenye kikao akawaambia wataalamu kwamba wazee wa kwao hawajibu kitu kisichowaamkia. Kidani kitoe shikamoo, alisema. Kiwe kama mtoto wa nyumbani. Walimpigia makofi, wakamwomba aitoe sauti yake mwenyewe, na alitembea wiki nzima kichwa juu.

Mwaka ulipoisha mtambo ulitoa jawabu ambalo hakuna aliyelitegemea. Wanawake wa nyanda za juu waliovuka umri wa miaka hamsini hawakuwa na mizigo. Mapigo yao ya moyo yalipanda, ndiyo, lakini kwa kuwa vinywa vyao vilisema sijambo, mtambo ulijifunza kwamba moyo wa mama wa milimani ndivyo unavyodunda. Magazeti yakawaita Mama Mawe. Mabohari ya parachichi yakawaondoa wasichana kwenye vyumba vya baridi, yakawaweka mama zao.

Na Vaileti, kila Jumapili alipopiga simu nyumbani, aliambiwa na jiwe lake kwamba halijambo.

3

"Tangu lini hunusi, mama?"

"Nani hanusi?"

"Mama."

Yusta alikuwa anaparuza ukoko wa sufuria kwa kijiko. Aliparuza muda mrefu kuliko ukoko ulivyohitaji.

"Tangu Mgeni," alisema hatimaye.

"Na moyo?"

"Moyo nao."

"Na kidani unakiambia sijambo kila siku iendayo kwa Mungu."

"Sasa ungetaka nikiambie nini?" Yusta aliweka kijiko chini. "Uko Dodoma peke yako, huna hata shangazi huko. Unaamka, unanikumbuka, unaniamkia. Nami nikutupie moyo wangu na miguu yangu asubuhi yote hiyo? Ukafanye kazi vipi? Mzazi gani huyo?"

"Ni mashine, mama."

"Najua ni mashine. Mimi si mtoto. Lakini ukiamkiwa na sauti ya mwanao, mdomo unajibu wenyewe."

"Na wenzako kule bohari?"

"Nani kati yao atamlilia mtoto?" Yusta alisema hivyo kwa upole, kama anayemfundisha mtu jambo alilopaswa kulijua tangu kunyonya. "Na wewe usiende kulisema huko. Tunachukuliwa kazini kwa sababu sisi ni mawe. Mdogo wako anasoma kwa jiwe hilo."

Vaileti alikumbuka methali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo alifundishwa na mama yuyu huyu, jikoni humu humu.

4

Kesho yake alimsindikiza bohari. Wanawake walikuwa wamejipanga uani wakisubiri uji, wamevaa makoti mazito ya kazini, wamefunga vilemba mpaka masikioni, kimya. Mwezi uliopita mwenzao mmoja alikutwa amelala juu ya makreti kwenye chumba cha baridi, na hakuamshika tena. Walisema ni uzee. Kidani chake asubuhi hiyo kilikuwa kimeambiwa salama.

Mpishi wa uji alikuwa Mzee Ngonyani, Mngoni wa Songea aliyehamia Ikingu ujanani akajikuta hana ndugu hata mmoja ila ana watani kijiji kizima, kama ilivyo kati ya Wangoni na Wabena. Alivaa kofia ya sufu ya rangi ya udongo ambayo hakuna aliyewahi kuiona mbali na kichwa chake. Baba yake Vaileti alipozikwa, Mzee Ngonyani alishuka kaburini na kofia yake, akalala chali humo, akasema shimo ni fupi, marehemu akatwe miguu, na hatoki mpaka apewe kuku. Yusta, aliyekuwa hajala siku mbili kwa kulia, alicheka mpaka akashikiliwa. Vaileti alikuwa mdogo, lakini hakusahau: siku ile mama yake alianza kula.

"Mbena wewe," Mzee Ngonyani alimwambia mwanamke wa kwanza, akimimina uji. "Bado hujafa tu? Mbwa wa kijiji wanauliza lini wataacha kuogopa."

"Nimekufa tangu juzi," mwanamke akajibu papo hapo. "Nangoja Mngoni wa kunizika, lakini wote bado wanamkimbia Shaka. Miguu hii hainibebi, nimekaa njiani mara mbili kutoka nyumbani hadi hapa."

"Mara mbili tu? Jana ilikuwa ngapi?"

"Jana nilihesabu? Kichwa chenyewe sina, kimejaa pumba."

Wakacheka foleni nzima. Wa pili akasema yeye usiku moyo unatwanga mpaka mumewe anadhani kuna mgeni mlangoni. Wa tatu alishalisahau jina la mjukuu wake, anamwita "wewe". Kila mmoja alipokea bakuli lake na tusi lake, akatoa ukweli wake, akaenda. Vaileti alisimama kando akisikiliza. Yote ambayo mtambo wa Dodoma uliyatafuta mwaka mzima yalikuwa yanamwagwa hapa bure, kwenye uji.

Foleni ilipoisha alimsogelea.

"Mzee, nataka sauti yako."

"Mke wangu, sauti tu? Mwili wote huu unauacha?"

Vaileti alicheka, kisha akaeleza. Kidani kibadilishwe. Kiache kuamkia kama mtoto, kianze kutania kama mtani, kwa sauti yake. Mzee Ngonyani alikoroga sufuria tupu kwa muda.

"Halafu wakishajibu, majibu yanakwenda wapi?"

"Nataka wacheke tu, mzee. Asubuhi kabla ya kazi."

"Wacheke, vizuri." Alimtazama. "Kwa sababu maneno ya utani hayapelekwi barazani, binti Mlowe. Mtu akikutukana kwa utani humshitaki, na akikuambia siri yake kwa utani huijui. Siku ukiyapeleka, umeyaua. Hutayapata tena."

"Najua, mzee."

Na alijua kweli. Alikua ndani ya mila ile, hakuisoma kitabuni. Alimdanganya mzee akimtazama usoni, akajiambia kwamba mganga akitaka kumtoa mtoto mwiba hamwombi ruhusa.

5

Sauti mpya iliwekwa. Haikuhitaji hata msimu mzima. Vidani vya Ikingu na vijiji vya jirani vilitukana kila asubuhi, na akina mama, wakiwa wanawasha moto, wakiwa wanajifunga vitenge, walivirudishia matusi na ndani ya matusi wakaweka mizigo yao yote. Mtambo ulisikiliza, ukalinganisha na mapigo ya moyo uliyokuwa umeyapuuza, ukaligeuza jawabu lake lote. Mama Mawe walikuwa ndio walioachiwa mizigo mizito kuliko watu wote nchini. Umri, baridi, na kurudi kazini kabla mwili haujatulia: Mgeni alipenda hasa nyumba za namna hiyo.

Vaileti alisikiliza sauti nyingi bila kuwajua wenye sauti hizo. Moja aliijua.

"Yusta, mjane usiye na bahati," ilisema sauti ya Mzee Ngonyani. "Jana ulichelewa kurudi. Umepata bwana?"

"Bwana gani atanitaka," mama yake alijibu, na alikuwa anacheka. "Jana nilifika njia panda ya misindano nikasahau kwetu ni wapi. Nimekaa pale nikajifanya nangoja mtu. Wapita njia wananisalimia, nami nawaambia, nangoja mtu. Mpaka akapita mbuzi wangu nikamfuata."

"Mbuzi ana akili kuliko Wabena wote."

"Ndiyo maana hatujamla."

Vaileti aliirudia sehemu ile mpaka akaichoka, na kila mara aliposikia kicheko alilia. Siku hiyo hiyo alimpigia simu mama yake, akamuuliza hali. Mama yake hakuwa na jambo.

Daktari Kokugonza, mkuu wa Taasisi, alisoma matokeo yote bila kuinua kichwa. Alikuwa mwanamke mtaratibu wa Bukoba, asiyependa maneno mengi.

"Ni kazi kubwa," alisema. "Tulikuwa vipofu. Sasa nina swali. Hawa mama, walipoyasema haya, walijua yanakuja kwangu?"

"Wamevaa kidani. Wanajua kidani kinasikiliza."

"Sikukuuliza hivyo."

Vaileti alivuta kiti akakaa.

"Sisi kwetu tuna watani pia," Daktari Kokugonza alisema. "Haya, sikiliza sheria inavyosema, usije ukaniambia sikukuambia. Nikiyapokea, siwezi kuyarudisha. Kivuli kilitengwa kwa walioonekana mwaka ule wa kwanza. Kuongeza watu kunataka bunge, na bunge lina mambo yake. Lakini mwajiri anajulishwa leo leo kwamba ana watu wasiofaa kwa baridi. Unanielewa? Kuondolewa kazini kutafika haraka. Kivuli, sijui."

"Na nisipoyaleta?"

"Wataendelea kuwa mawe."

Akamwacha peke yake ofisini, na huo ulikuwa ukatili wa adabu. Vaileti alimwona akilini yule mwanamke aliyelala juu ya makreti. Alimwona mama yake njia panda, anangoja mtu. Alimkumbuka pia Mzee Ngonyani na mwiko wake uliozunguka kwenye sufuria tupu, na lile neno moja: umeyaua. Wangesemaje wangeulizwa? Alilijua jibu, ndiyo maana hakuwauliza. Mama yake alikuwa amekwisha kumwambia usiende kulisema.

Lakini mama hai anayenikasirikia, aliwaza, ni bora kuliko mama mwema aliyeganda. Aliweka kidole chake kwenye kioo cha mezani, matokeo yakapokelewa.

6

Barua za bohari zilifika Ikingu kabla ya wiki kwisha. Ziliandikwa kwa heshima: bohari lilijali afya ya akina mama wote. Vyumba vya baridi vilirudishiwa wasichana, na mdogo wake Vaileti, aliyekuwa shuleni, akawa mmoja wao. Suala la Kivuli, Taasisi ilisema, linashughulikiwa.

Akina mama hawakuandamana wala kupiga kelele. Walivua vidani. Wengine walivitundika kwenye uzio wa bustani kufukuza ndege, na asubuhi ungepita kijijini ukasikia uzio unatukana, hakuna wa kuujibu. Mtambo ulisubiri majibu, haukupata. Na kwa kuwa umeundwa kupokea malalamiko, kimya ukakihesabu kuwa ni afya. Msimu uliofuata wanawake wa nyanda za juu walianza kurudi kidogo kidogo kwenye safu ya wasio na mizigo, na bungeni kuna aliyesimama akauliza kama basi hicho Kivuli kina haraka gani.

Vaileti aliacha kazi Dodoma, akarudi nyumbani. Alikuwa anapika yeye sasa, maharage hayaungui. Mama yake hakumgombeza hata siku moja. Alimshukuru kwa chakula, alimuuliza kama amelala vizuri, na akiulizwa yeye, alisema sijambo mwanangu. Hilo Vaileti alilitarajia. Alijiambia kwamba angalau anaishi, anaota jua kwenye mkeka, hayumo kwenye baridi, na kwamba hasira za watu huisha.

Asubuhi moja Mzee Ngonyani alikuja. Hakuwa amekanyaga pale tangu barua zile, na kule bohari wasichana walikunywa uji wake kimya, kwa kuwa hawakujua la kumjibu. Alikuja amebeba jembe begani na kofia yake kichwani, akaanza kelele tangu kwenye misindano, kama zamani.

"Yusta! Mjane wa Kibena! Nimesikia bado hujafa, nikasema hawa watu hawana aibu. Nimeleta jembe langu. Nionyeshe mahali nianze kuchimba, nina kazi nyingine mchana."

Vaileti alikuwa mlangoni na ufagio. Moyo wake ulimruka kwa furaha. Jibu, mama, alisema kimoyomoyo. Mwambie ni Mngoni mwoga. Mwambie achimbe lake kwanza.

Yusta aliinuka kwenye mkeka. Ilimchukua muda, alishika ukuta, akangoja moyo utulie. Kisha aliunyoosha mtandio wake, akakishika kitenge kwa mkono mmoja, akapiga goti kidogo, kama anavyofanya kwa mchungaji au kwa mgeni wa serikali.

"Karibu baba," alisema. "Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Sijui kwenu, mnaendeleaje?"

Mzee Ngonyani alisimama na jembe lake. Alimtazama Yusta, halafu akamtazama Vaileti mlangoni, na hakumtazama kwa hasira. Aliliegemeza jembe ukutani polepole.

"Hatujambo, mama," alisema.

Kisha akavua kofia. Alikuwa na upara, na Vaileti hakuwa amewahi kujua.